Ruhusa ya Kupita Ellerdown

Kwa miaka kumi na mmoja Gakii Kirimi alishuka basi kwenye kituo cha Ellerdown kabla ya saa moja asubuhi, akaingia kwenye kijia kilicho nyuma ya nyumba za matajiri, na kila alipomkuta mzee mmoja akitembea na mbwa wake alimwomba ruhusa ya kupita. Mzee alimruhusu kila mara. Mwaka huu ruhusa hiyo ndiyo iliyotumika kumfungia njia. Alifungiwa kwa kufuata sheria, mbele ya mkaguzi wa serikali, katika ukumbi wa kanisa uliokuwa na chai na biskuti.

Ellerdown iko kaskazini-mashariki mwa London, pale nyumba zinapokwisha na msitu kuanza. Ina nyumba mia mbili na kumi, uwanja wa gofu, kanisa moja, na haina duka hata moja. Duka halikusahauliwa. Kampuni iliyonunua mashamba mawili ya ng'ombe mwaka 1926 na kuyakata viwanja iliorodhesha kwenye hati ya kila nyumba mambo ambayo mwenye nyumba hatafanya: hatauza kitu, hatafuga kuku, hataanika nguo mahali zinapoonekana kutoka barabarani, hatapaka mlango rangi isiyo kwenye orodha. Hati hizo zina nguvu mpaka leo. Barabara za ndani ni mali ya kampuni, na kampuni ni mali ya wakazi wenyewe. Wanachagua kamati, na kamati inaamua mambo yote, hata urefu wa ua wa miti kati ya jirani na jirani.

Wakazi huuita utaratibu huu utulivu. Neno hilo limo mara kumi na nne katika kijitabu walichochapisha kuelekea kutimiza miaka mia. Kijitabu kina picha za harusi, za mashindano ya gofu, za theluji ya mwaka 1963. Mwerezi mmoja ulioanguka kwenye dhoruba umepewa kurasa tatu. Hakuna hata mstari kuhusu mtu aliyewahi kufua, kupika, kupalilia au kuogesha mgonjwa pale Ellerdown, ingawa tangu nyumba ya kwanza iezekwe hakuna siku watu hao hawakuwapo.

Gakii ana miaka hamsini na mitatu. Alizaliwa Nkubu, Meru, akafanya kazi ya karani katika chama cha ushirika cha kahawa mpaka chama kilipokufa, na mwaka 2008 akaja London. Anaishi Barking, ghorofa ya nne, na binti yake Maureen, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili la mama yake na kulijibu kwa Kiingereza. Jumapili, katika ushirika wa maombi wa Wakenya unaokutana kwenye ukumbi wa shule, Gakii husimama mlangoni kupokea watu. Wenzake wanasema alipewa zamu hiyo kwa sababu hakuna anayepita mbele yake bila kusalimiwa, apende asipende.

Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Ajensi iliyomwajiri humtumia kwenye simu orodha ya wazee na dakika za kila mmoja. Wa kwanza kila asubuhi ni Bi. Peverell wa nyumba namba thelathini na moja, Ellerdown, mwenye miaka tisini na miwili, ambaye kiharusi kilimwacha na mkono mmoja na mguu mmoja. Mwaka 2013 Gakii alitumwa kwake siku tatu kushika nafasi ya mhudumu mgonjwa, na hakuondoka tena. Humwita Shosho, kama anavyoitwa bibi yeyote nchini Kenya. Bi. Peverell alipoelezwa maana yake alisema ni mara ya kwanza kuwa bibi wa mtu, maana hakuzaa.

Shosho ana dakika thelathini. Katika dakika hizo huamshwa, husafishwa, huvalishwa, hupewa dawa na uji wa shayiri, na kusogezwa dirishani. Mzee wa pili anamngoja Gakii saa mbili na robo, kituo kingine. Muda wa kutembea haumo kwenye hesabu ya ajensi. Simu ndiyo inayorekodi saa ya kuingia na ya kutoka, na mhudumu akichelewa mara tatu kwa mwezi mzee wake hupewa mhudumu mwenye gari. Gakii hana gari.

Ndiyo maana kijia kilikuwa na uzito. Kinaanzia kando ya kituo cha basi, kinapita kati ya nyua za nyuma kwa mita mia nne, na kufika kwenye lango la nyuma la Shosho. Kukipita ni dakika sita. Bila hicho, mtu aliyeshuka basi ana reli upande mmoja na uwanja wa gofu upande wa pili, na lazima azunguke kwa barabara ya mbele. Gakii amepima: dakika ishirini na nane akitembea kwa haraka, na goti lake la kulia halipendi haraka.

Kule Nkubu njia nyingi hukata katikati ya boma la mtu. Hakuna anayekuzuia, lakini ukipita kimya utaulizwa umeficha nini. Unaita hodi, mwenye boma anaitika, unauliza habari ya watoto, unaendelea. Gakii alifika Ellerdown na tabia hiyo. Siku ya kwanza alimkuta mwanamume mrefu amesimama kwenye lango lake la nyuma na mbwa mweupe. Akamwamkia, akamwuliza kwa Kiingereza kama anaweza kupita. Mwanamume akasema bila shaka, pita tu. Aliitwa Gresham. Wakati huo alikuwa mstaafu mpya. Baadaye akawa mwenyekiti wa kamati.

Wakaendelea hivyo. Gresham alimpa nyanya za bustani yake kila Agosti. Alimwuliza kuhusu tembo. Mama yake Gakii alipofariki mwaka 2019, alimpa kadi yenye picha ya maua na maneno manne aliyoyaandika kwa mkono. Gakii anayo bado. Aliamini kwamba yeye na mzee huyo wanajuana.

Na kwa kuwa aliamini hivyo, aliwafundisha wengine. Kila mhudumu mgeni au msafishaji mpya aliyeshuka kituo kile alionyeshwa kijia na Gakii, na kupewa maagizo yale yale: ukimkuta yule mzee wa mbwa mweupe, mwamkie vizuri, omba kupita, hatakataa. Kwa miaka kumi na mmoja aliwafundisha watu wengi. Wengi wao walikuwa Wakenya na Wakongo, kukawa na Mfilipino mmoja na Waghana wawili. Wote wakawa wanaomba.

Machi 2023 bango likabandikwa kwenye mlingoti mwanzo wa kijia. Lilisema kijia ni mali binafsi na kwamba kamati itaweka lango la chuma lenye namba za siri, kwa ajili ya usalama. Baadaye kamati ilipoulizwa ni matukio gani ya usalama, ilitaja mawili: baiskeli iliyoibwa mwaka 2017, na mtu asiyejulikana aliyeonekana amekaa. Mtu huyo alikuwa Fanuel, mhudumu Mkenya, aliyekaa kwenye gogo akila mkate kati ya mzee mmoja na mwingine.

Wiki ile ile mwanamke mwenye mvi na viatu vya kutembelea alisimama kituoni akigawa fomu. Alikuwa Jaswinder, mwalimu mstaafu wa jiografia aliyezaliwa Kisumu na kuletwa Uingereza akiwa na miaka tisa. Anaishi vituo viwili kutoka hapo, na ni mwanachama wa klabu ya watembeao kwa miguu. Alimsikia Gakii akiongea na simu.

“Wewe ni wa Kenya?” akamwuliza kwa Kiswahili. “Hii njia unatumia?”

“Kila siku, mama. Miaka kumi sasa.”

“Basi nisaidie, na mimi nikusaidie. Jaza hii. Usiharakishe.”

Sheria ya Uingereza inasema kwamba umma ukiitumia njia kwa miaka ishirini mfululizo, waziwazi, bila kuvunja kitu na bila ruhusa ya mwenye ardhi, njia huwa ya umma, na hakuna wa kuifunga. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye makali. Anayepita kwa kuruhusiwa ni mgeni, hata apite miaka hamsini. Anayepita kana kwamba mwenye ardhi hayupo duniani, huyo ndiye anayejenga haki. Hakuna aliyemweleza Gakii hili kabla, na hakuna sababu mtu mwenye malezi angelikisia.

Jaswinder alikusanya fomu ishirini na tatu zilizorudi nyuma hadi mwaka 1998. Wakazi wa Ellerdown ambao hutembeza mbwa kwenye kijia kile kila jioni walikataa kujaza. Aliyeombwa wa mwisho alisema angependa kusaidia lakini anaishi hapo. Kwa hiyo fomu karibu zote zilikuwa za wafanyakazi. Jaswinder alizisoma mezani kwake, moja baada ya nyingine, na alipofika swali la tisa akaacha kuandika. Swali liliuliza: je, uliwahi kuomba au kupewa ruhusa? Katika fomu kumi na saba jibu lilikuwa ndiyo. Fomu tatu kati ya hizo zilimtaja Gakii kama mtu aliyewaelekeza.

Alimpigia simu, wakakutana kwenye mkahawa karibu na stesheni ya Barking.

“Gakii, hili swali la tisa. Ulikuwa unaomba, ama ulikuwa unasalimia tu? Fikiria vizuri.”

“Nilikuwa nasalimia, halafu naomba.”

“Lakini mtu akisema ‘may I’, hapa hiyo ni adabu tu. Hata dukani wanasema.”

“Mwalimu, mimi nilikuwa naomba kweli. Angesema hapana, ningerudi.”

Jaswinder akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. “Sitakuambia useme uongo,” alisema.

“Najua.”

“Ila usiseme zaidi ya unachoulizwa.”

Habari ikaenea kituoni. Aliyeipokea kwa kelele zaidi alikuwa Sidonie, msafishaji kutoka Bukavu, mwenye miaka thelathini na minne na nyumba mbili za kusafisha pale Ellerdown. Yeye alikuwa miongoni mwa wachache waliojibu hapana kwenye swali la tisa.

“Ni weye uliharibu batu bote, dada Gakii,” alimwambia wakingoja basi. “Miye nilikwambiaka siku ya kwanza, ule muzee si chefu, si mwenye njia.”

“Nilikufunza adabu. Ulitaka umpite mzee wa watu kama mti?”

“Nilimupita kama muti. Sasa ona, sheria inanipenda miye.”

“Ungekuwa angalau unatoa hizo vitu za muziki kwa masikio.”

“Ningezitoa, ningekuwa nimeomba,” alisema Sidonie, na wanawake wengine wawili pale kituoni wakacheka. Gakii hakucheka. Sidonie akamshika mkono. “Sema tu ulimusalimia, ulimupatia bonjour. Bonjour si ruhusa.”

“Haikuwa bonjour, Sidonie. Niliomba.”

Shosho ndiye aliyetoa kitu kilichoonekana kama wokovu. Baba yake alikuwa mnunuzi wa kwanza wa namba thelathini na moja, na katika droo ya chini ya kabati la sahani kulikuwa na kijarida cha mauzo cha mwaka 1926, chenye ramani. Alimwagiza Gakii afungue ukurasa wa nne. Kijia kilikuwapo kwenye ramani, kimechorwa kwa nukta. Chini yake kampuni iliwaahidi wanunuzi kwamba wapishi, wafuaji na wachuuzi wangekuwa na njia yao ya nyuma, ili wafike na kuondoka bila kuonekana kutoka barabara ya mbele.

“Baba aliichagua nyumba hii kwa sababu ya hicho,” Shosho alisema. Hutamka polepole tangu kiharusi. “Alijivunia. Alisema hatutawahi kuona pipa la makaa likipita.”

Gakii alisoma mara mbili. Kijia alichokuwa akikiombea ruhusa miaka yote hiyo kilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye, kwa sharti kwamba asionekane. Alimaliza kumvalisha Shosho soksi, akaomba kukiazima kijarida, akakipeleka kwa Jaswinder siku hiyo hiyo.

Kikao cha kuamua kama kijia ni njia ya umma kilifanyika Februari 2025, siku mbili, kwenye ukumbi wa kanisa la Ellerdown. Mkaguzi wa serikali alikaa kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Wakazi walijaza safu sita. Wafanyakazi walikuwa wanane, kwa sababu kikao kilikuwa saa za kazi, na wanane hao walikaa nyuma karibu na mlango bila kuambiwa. Gakii alikuwa ametumia siku zake mbili za likizo.

Jaswinder alianza na kijarida, akasoma ukurasa wa nne kwa sauti ya mwalimu. Wakili wa kamati, mwanamke mtulivu aliyevaa kijivu, alishukuru kwa ushahidi huo na kuomba nakala. Kisha akaeleza kwamba kijarida kinathibitisha hoja yake. Tangu siku ya kwanza, alisema, watumishi walipita pale kwa hisani ya kampuni. Hisani ni ruhusa.

Ilipofika zamu ya Gakii, wakili alimsubiri akae, akamwuliza kama anataka maji.

“Bi. Kirimi, ulipokutana na Bwana Gresham ulimwambia nini?”

“Nilimwamkia.”

“Halafu?”

Jaswinder alikuwa akitazama karatasi zake.

“Nikamwuliza kama naweza kupita.”

“Naye akajibu?”

“Bila shaka, pita tu.”

“Kila mara?”

“Kila mara nilipomkuta.”

“Kama angesema hapana?”

“Singepita.”

“Na wenzako uliwaambia wafanye vivyo hivyo.”

“Ndiyo. Mimi ndiye niliwaambia.”

Wakili alisema hana swali lingine, akamshukuru kwa ukweli wake. Gakii hakuinuka. Alimwomba mkaguzi nafasi ya kusema jambo moja, na mkaguzi akakubali.

“Kwetu, ukiomba kupita na mtu akuambie pita, umekuwa mtu wake,” alisema. “Hawezi kuja baada ya miaka kumi na mmoja akuambie, kwa sababu uliniomba, sasa usipite. Heri angenikataza siku ya kwanza. Ningetafuta kazi kwingine.”

Mkaguzi aliandika. Maneno hayo yamo kwenye uamuzi wake, aya ya arobaini na moja, ambapo yanaitwa desturi ya nchi ya shahidi na kuelezwa kwamba, ingawa yalisemwa kwa dhati, hayana uzito katika suala linaloamuliwa.

Gresham alitoa ushahidi baada ya chakula cha mchana. Alisema kwamba kila alipomwambia Gakii apite, alikuwa akitoa ruhusa kwa niaba ya kampuni. Wakili alimwuliza kama aliwahi kuacha shaka yoyote juu ya hilo. Alisema hapana, na kwamba Bi. Kirimi ni mwanamke mwenye adabu kuliko wote anaowafahamu. Safu sita ziliitikia kwa vichwa. Gresham hakusema uongo hata neno moja. Huu ndio ustadi wa Ellerdown: hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyemtukana mtu, na kila kitu alichopokonywa Gakii kilichukuliwa kwa kutumia jema alilolifanya yeye mwenyewe.

Uamuzi ulitoka Mei. Fomu kumi na saba za walioomba ziliondolewa. Sita zilizobaki, ya Sidonie ikiwamo, hazikutosha kujaza miaka ishirini. Lango liliwekwa Juni, la chuma cheusi, zuri kwa kweli, na ncha zilizopakwa rangi ya dhahabu ambayo bila shaka imo kwenye orodha.

Wanaofanya kazi Ellerdown hawakusahauliwa. Kamati ilitoa waraka: mfanyakazi yeyote anaweza kuomba namba za siri kwa barua pepe, akitaja jina lake, mwajiri wake, nyumba anayohudumia na saa zake, na kuambatanisha picha. Namba hufa mwisho wa mwezi, na ombi hurudiwa. Mkazi haruhusiwi kumpa mtu namba zake.

Gresham aliuleta waraka mwenyewe kwenye nyumba namba thelathini na moja. Gakii alifungua mlango.

“Natumaini hukuchukulia vibaya, Gakii. Hakuna chuki hapa. Andika tu. Kwako wewe hatutakataa.”

“Kila mwezi?”

“Ni utaratibu tu.”

“Bwana Gresham, hukuniambia kwamba nilikuwa napewa.”

Mzee alitazama mbwa wake. “Uliomba,” alisema.

Sidonie aliomba namba siku ya pili na kuzipata. “Miye niko na batoto batatu, dada,” alimwambia Gakii, na Gakii akamjibu kwamba hana la kumlaumu. Maureen alimwandikia mama yake barua pepe, akaiacha tayari kwenye simu, ikibaki kubonyeza tu. Gakii aliisoma jikoni amesimama. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Kilianza na maneno “Ningeshukuru sana iwapo”. Aliifuta.

“Mum, it's one email,” Maureen alisema.

“Ni moja leo. Mwezi ujao nitaomba tena, na mwezi wa tatu. Nikifika miaka sitini bado namwomba huyo mzee. Na siku atakayokufa namwomba mwanawe.”

“So you'll lose Shosho?”

“Shosho simwachi.”

Shosho naye alijaribu. Kwa mkono wake mmoja mzima aliandika tarakimu nne nyuma ya bahasha, akaisukuma mezani kuelekea upande wa Gakii, huku akitazama dirishani kana kwamba bahasha imejisukuma yenyewe. Gakii aliikunja na kuiweka chini ya chupa ya dawa.

“Wakinikamata nayo watapata sababu ya pili,” alisema. “Na hii ni yako.”

“Barabara ya mbele ni ndefu.”

“Naujua urefu wake.”

Sasa huondoka Barking na basi la mapema zaidi, analala saa moja pungufu, na kutembea dakika ishirini na nane kwa barabara ya mbele. Barabara hiyo haina lango, kwa sababu malori ya taka na magari ya kuleta mizigo hayawezi kuingia kwa namba za siri. Ina miti mirefu ya kivuli pande zote mbili na njia safi ya waenda kwa miguu ambayo haina waenda kwa miguu. Gakii hupita katikati ya Ellerdown akiwa na koti lake la bluu la ajensi, mbele ya madirisha yote, pale ambapo kijarida cha 1926 kiliahidi kwamba hataonekana. Hajachelewa hata mara moja. Wiki ya tatu Fanuel alianza kutembea naye. Ya tano walikuwa wanne.

Jaswinder alimletea daftari jipya na kumweleza cha kuandika: tarehe, saa, barabara ya mbele, sikuomba ruhusa. Barabara ni ya kampuni, alisema, lakini sheria ni ile ile. Miaka ishirini.

“Nitakuwa na sabini na tatu,” Gakii alisema.

“Mimi nitakuwa nimekufa. Andika tu.”

Kamati ilielewa mapema kuliko walivyotegemea. Septemba, kwenye nguzo ya kwanza ya barabara ya mbele, lilitundikwa bango dogo la mbao lenye herufi za kupendeza, likisema kwamba wapita njia wanakaribishwa kwa ruhusa ya kampuni. Halikumzuia mtu yeyote. Liliwaruhusu tu. Gakii alisimama akalisoma, akatoa daftari, akanakili maneno yote pamoja na tarehe.

Asubuhi iliyofuata Gresham alikuwa chini ya bango na mbwa wake, ambaye siku hizi anaburuta mguu. Wahudumu wanne walikuwa wakija kwa mstari, Gakii mbele.

“Habari za asubuhi, Gakii,” alisema yule mzee, kabla hajaamkiwa. “Karibu, pita tu.”

Gakii alisimama. Alimwuliza hali ya mbwa, akaelezwa, akasema pole. Kisha akasema, “Sijaomba, Bwana Gresham.”

Akapita, na wenzake wakapita nyuma yake. Alifika kwa Shosho saa moja kasoro dakika mbili. Kwenye kitabu cha kazi kinachokaa jikoni, ambacho ajensi imemwonya mara mbili asiandike humo yasiyohusu mgonjwa, aliandika kwamba mteja ameamka vizuri, amekula uji wote, na kwamba mhudumu amefika kwa mlango wa mbele.